Zahanati Inayopitisha Hewa na Kuokoa Umeme: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Ujenzi

Zahanati ndiyo mlango wa kwanza wa huduma ya afya kwa Mtanzania aishiye kijijini. Juu yake kipo kituo cha afya, kisha hospitali ya halmashauri. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM), ulioanza mwaka 2007, uliweka lengo la kila kijiji kuwa na zahanati na kila kata kuwa na kituo cha afya. Tangu hapo majengo mengi yamesimama kwa nguvu za wananchi na fedha za Serikali. Jambo ambalo mara nyingi huchelewa kujadiliwa ni namna jengo lenyewe litakavyokaa: lielekee wapi, mgonjwa asubiri wapi, na hewa ipite wapi. Hayo huamuliwa kabla ya msingi kuchimbwa. Yakikosewa, gharama yake hulipwa kila mwezi katika ankara ya umeme na, wakati mwingine, kwa afya ya waliokuja kutafuta tiba.

Mwaka 2006 watafiti walitoa taarifa kutoka Tugela Ferry, jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, kuhusu wagonjwa 53 wa kifua kikuu sugu kwa takriban dawa zote zilizokuwapo. Walifariki 52. Wengi wao walikuwa wamelazwa hospitalini muda mfupi kabla, jambo lililoashiria kuwa baadhi waliambukizwa humo humo.

Mwaka uliofuata, utafiti uliofanyika katika hospitali za Lima, Peru, ulionesha kuwa vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa yote takriban mara 28 kwa saa, ilhali vyumba maalumu vyenye mitambo ya kupitisha hewa vilibadilisha mara 12. Majengo ya zamani, yaliyojengwa kabla ya mwaka 1950 yakiwa na dari za juu na madirisha mapana, yaliyashinda majengo mapya. Nchini Rwanda, Hospitali ya Butaro, iliyofunguliwa mwaka 2011, ilijengwa kwa kufuata fikra hiyo: korido za ndani ziliondolewa, na wagonjwa husubiri na kupita katika varanda za nje. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilielekeza kuwa maeneo ya wagonjwa wa nje yanayotegemea upepo yapate wastani wa lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa.

Kwa Tanzania, iliyo kusini kidogo mwa Ikweta, kuta ndefu hazina budi kuelekea kaskazini na kusini, na zile fupi mashariki na magharibi. Jua la alasiri ndilo lenye kuumiza, na ukuta wa magharibi usiwe na dirisha la chumba cha daktari. Katika ukanda wa Pwani mpangilio huo una faida ya pili, kwa kuwa kusi na kaskazi hulikuta jengo ubavuni na kupita moja kwa moja, mradi kila chumba kiwe na madirisha pande mbili zinazotazamana. Njombe au Makete hali ni tofauti: baridi huwafanya watu wafunge madirisha, hivyo huhitajika matundu ya hewa ya kudumu juu ya lenta, ambayo hakuna atakayeyaziba.

Paa la bati lisilo na dari hugeuza chumba kuwa tanuri ifikapo saa saba mchana. Dari, nafasi ya hewa juu yake na bati la rangi nyeupe hupunguza joto hilo bila kutumia umeme. Kiyoyozi basi kibaki pale kinapostahili, yaani stoo ya dawa na maabara. Nguvu ya jua itengewe kwanza jokofu la chanjo, linalopaswa kubaki kati ya nyuzijoto 2 na 8, na taa za chumba cha kujifungulia, kwani mtoto hasubiri umeme urudi.

Paa hilo hilo huvuna maji: mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 300 huleta takriban lita 6,000, ukiondoa zinazopotea.

Ukarimu wa jengo nao umo katika ramani. Baraza pana lenye kivuli na mabenchi humpa mama mjamzito mahali pa kupumzika, na wakati huo huo humweka mwenye kikohozi mahali penye hewa, mbali na kliniki ya watoto. Njia ya kiti cha magurudumu isizidi mwinuko wa mita moja kwa kila mita 12 za urefu. Mlango wa chumba cha ushauri nasaha usitazamane na benchi la wanaosubiri. Mwananchi anayejua kuwa majirani watamwona akiingia huahirisha kupima, na wengine hawarudi tena. Vibao viandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na choo kiwe karibu kiasi cha kufikiwa na mgonjwa asiye na nguvu.

Kamati ya ujenzi ya kijiji inaweza kuyahakiki mengi ya haya kwa kusimama kiwanjani saa tisa alasiri, ramani mkononi, na kuangalia jua liko upande gani na upepo unatokea wapi.