Mchezo wa simu ulivyovamia maeneo ya kumbukumbu

Mnamo Julai 2016, kampuni ya Niantic ya Marekani ilizindua Pokémon GO, mchezo unaotumia kamera ya simu na mawimbi ya setilaiti kuonyesha viumbe wa kubuni kana kwamba wamesimama barabarani au uani mwa jirani. Kiumbe hayupo, ila anayemsaka yupo, naye hukanyaga ardhi yenye mwenyewe. Mwezi huo huo, makumbusho ya mauaji ya Wayahudi jijini Washington na yale ya Auschwitz, Poland, yaliwasihi wageni wasicheze humo. Wenye nyumba nao walienda mahakamani. Katika maafikiano ya 2019, Niantic iliahidi kujitahidi kuondoa vituo vya mchezo vilivyo ndani ya mita 40 kutoka boma la mlalamishi.