Malaika na Mbuzi Watatu

Agosti iliyopita tulimsindikiza binamu yangu Kathonzweni, Makueni, kupeleka mbuzi wa ntheo. Kama hujawahi kuona mambo haya, kwetu Ukambani mbuzi hao, kwa kawaida watatu, ndio wanaofanya msichana aitwe mke wa mtu. Mahari yenyewe unaweza kuilipa polepole hadi wajukuu wazaliwe, lakini bila ntheo wewe ni kijana tu anayepitapita kwa boma la watu. Hata mahakamani, kesi za ndoa ya Kikamba huulizwa swali hilo hilo: ntheo ilipelekwa au haikupelekwa?

Basi mbuzi wakakubaliwa, nyama ikaingia motoni, na DJ, ambaye asubuhi yote alikuwa anapiga benga ya Kikamba, akaweka Malaika. Ile ya Miriam Makeba. Mashangazi wakasimama, leso zikapepea. Mimi nikabaki kwenye kiti changu cha plastiki nikijiuliza: kwani hapa hakuna mtu anasikiliza maneno? Huu ni wimbo wa jamaa ambaye hakuoa. Anampenda msichana, hana doo ya mahari, basi. Kuupiga kwa ntheo ni kama kusoma tangazo la matanga kwenye ubatizo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiufuatilia. Sikumaliza chuo, kwa hivyo muda ninao.

Mwanamuziki ambaye jina lake limeshikamana na wimbo huu ni Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa Taita mwaka 1938. Ukitoka Makueni kwa barabara ya Mombasa, ukapita Kibwezi na Mtito Andei, ukavuka Tsavo, unafika Voi, na hapo uko kwao. Yaani ni jirani yetu. Aliurekodi Nairobi akiwa na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, halafu akaurudia na Equator Sound, bendi ya studio ya Charles Worrod, ambako walipitia pia Daudi Kabaka na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi.

Lakini nani aliutunga? Hapo ndipo watu wanaanza kurushiana maneno. Fadhili alisema ni wake mpaka anafariki, Februari 2001. Wengine wanamtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Na kuna Adam Salim, Mtanzania aliyeishi Nairobi katikati ya miaka ya 1940, aliyedai kwamba aliutunga kwa ajili ya mpenzi wake, ambaye wazazi walimkataza na kumwoza kwa tajiri wa Kiasia. Mimi siwezi kuamua kesi hii. Ninachokiona ni kwamba wimbo unaohusu kushindwa na pesa umegombaniwa na watu ambao wengi wao pesa yake hawakuiona vizuri. Fadhili alikuwa na bahati moja: aliingia studio, na jina lake likabaki kwenye santuri. Asiyeingia studio alibaki na hadithi ya kusimulia.

Baadaye wimbo ukapanda ndege. Makeba aliuimba jukwaa baada ya jukwaa, na mwaka 1965 yeye na Harry Belafonte wakauweka kwenye albamu yao ya pamoja, ambayo ilipata tuzo ya Grammy. Kule Uswidi, Hep Stars, bendi ya Benny Andersson kabla hajawa mmoja wa ABBA, waliutoa mwaka 1967 ukavuma sana. Boney M. wakautia disko mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin aliurekodi katika albamu ya Logozo, 1991. India wanaujua kwa sauti ya Usha Uthup. Wengi wa hawa hawakukulia kwenye Kiswahili, kwa hivyo maneno yalibadilika kidogo hapa na pale, na aliyejifunza kwa Makeba akarithi matamshi ya Makeba.

Kidjo naweza kumsikiliza usiku kucha. Boney M. nawasamehe. Lakini Belafonte, na heshima zote, anaimba kama mtu mwenye nyumba na gari, anayeikumbuka shida kwa mbali. Makeba anaubembeleza mpaka unageuka wimbo wa kulaza mtoto, na nafikiri ndiyo maana mashangazi wanaucheza bila wasiwasi. Ya Fadhili ni nyingine. Sauti yake imetulia, haiombi huruma. Ni ya kijana ambaye ameshapiga hesabu mara tatu na jibu ni lile lile.

Hesabu hiyo naijua. Msichana ninayempenda anatoka Mutomo, Kitui. Mara ya kwanza nilipomsalimia babake, aliniuliza:

“Kijana, unafanya kazi wapi?”

“Ninaandika, mzee.”

“Unamwandikia nani?”

Nikataja magazeti mawili ya mtandaoni. Akanyamaza, akaagiza niletewe chai. Chai ilikuwa tamu, lakini swali halikujibiwa, na sote wawili tulijua.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema kwamba pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Jaribu kumsomea mzee wa Mutomo kifungu hicho. Na kusema kweli sidhani yeye ni mchoyo. Alilea binti mahali ambapo mvua ikikosekana misimu miwili mbuzi ndiye anayelipa karo. Anapouliza habari za mbuzi, anauliza kama mtoto wake atakula. Wimbo haumpi baba nafasi ya kusema lolote, na nimeanza kuona hilo ni pengo.

Kwa sasa nina mbuzi wawili kwa susu, Mbooni. Wa tatu anangoja malipo ya makala fulani ambayo si hii. Msichana wangu anasema siku ikifika Malaika lazima ipigwe, hanijali nikilalamika. Tumekubaliana iwe ya Fadhili, na ipigwe asubuhi, kabla wazee hawajaanza kuhesabu.