Panya wa Ujerumani na Maradhi ya Naxos

Hadi katikati ya karne ya 20 wataalamu wa tiba walikuwa wakijadiliana juu ya nyama ya moyo, wengine wakidai kuwa ni kitu kimoja kisicho na mipaka ndani yake, na wengine wakiiona mistari myeusi inayoikatiza kuwa ndiyo mipaka yenyewe. Mwaka 1954 Sjöstrand na Andersson walilikata shauri hilo kwa hadubini ya elektroni: moyo ni seli mbalimbali, kila moja na utando wake, nazo hushikamana penye mistari ile kwa mafundo ya protini, mfano wa mbao za mtepe zilizoshonwa kwa kamba.

Mwaka 1986, katika kisiwa cha Naxos, Ugiriki, tabibu Nikos Protonotarios na wenziwe walieleza maradhi ya kurithi yaliyoziandama baadhi ya koo za huko. Mtoto huzaliwa na nywele zilizosokotana. Aanzapo kutumia mikono na miguu, viganja na nyayo huota sugu. Na abaleghepo, moyo humwenda mbio pasipo utaratibu, hata pengine akafa ghafla. Ngozi na moyo havielekei kuwa na udugu, lakini vyote viwili, tukitafakari, ni viungo visivyopewa raha: kimoja husuguliwa, cha pili huvutwa usiku na mchana.

Udugu huo ulidhihirika Ujerumani mwaka 1996, pale watafiti wa Berlin na wa Freiburg, kila kundi kwa njia yake, walipozalisha panya walioondolewa jeni ya plakoglobini, mojawapo ya protini za mafundo hayo. Vijusi vilianza kufa tangu siku ya 10 na nusu ya mimba, ambayo kwa panya haizidi sana siku 20. Mafundo hayakuonekana, moyo ulipasuka, damu ikafurika katika mfuko unaouzunguka. Wachache waliofika karibu na kuzaliwa walikutwa na malengelenge ya ngozi.

Basi mwaka 2000 McKoy na wenziwe walipoisoma jeni hiyohiyo kwa wagonjwa wa Naxos, waliikuta imepungukiwa na herufi mbili tu. Protini ya wagonjwa hao imekatika ncha, haikutoweka, na kwa rai yangu hiyo ndiyo sababu binadamu huufikia ujana ambao panya hakuuona.

Mwaka 2004 kisa kilijirudia kwa jeni ya plakofilini-2, protini nyingine ya mafundo yale, panya na wagonjwa wakielezwa mwaka uleule. Na katika maradhi ya moyo ya namna hii, hitilafu za jeni hiyo ndizo zinazokutwa kwa wingi zaidi.