Kanda la Tende, Mtungi wa Njano na Mfuko wa Mabuyu: Chombo Bora ni Kipi?

Ramadhani ikikaribia, tende hujaa Marikiti na Kongowea. Siku hizi huja ndani ya boksi, na ndani ya boksi zimefungwa tena kwa plastiki. Wazee wetu walizijua kwa namna nyingine. Zilikuja na majahazi ya kaskazi kutoka Basra na Omani, zimeshindiliwa ndani ya kanda, yaani mfuko uliosukwa kwa majani ya mtende. Tende zikiisha, kanda lilitiwa kitu kingine, na likichakaa lilitupwa likaoza. Halikuziba mtaro wala halikumsonga kasa baharini.

Nimeanza na kanda kwa sababu mjadala wa vifungashio hapa Pwani huishia kwenye lawama tu: plastiki ni mbaya, watu ni wachafu, kaunti imelala. Kuna swali lenye faida zaidi, nalo ni la fundi: chombo cha bidhaa ya kila siku kinatakiwa kufanya kazi gani?

Kazi tano za chombo

Kiwe kikapu, chupa au pakiti, chombo kina kazi tano. Kwanza, kihifadhi kilichomo. Pili, kibebeke. Tatu, kitoe kipimo cha haki. Nne, kifunguke bila taabu. Tano, kikishakuwa kitupu kiwe na pa kwenda. Ukisoma historia ya vifungashio utaona wavumbuzi wengi walitatua kazi moja au mbili, wakaziacha nyingine kwa waliokuja baada yao.

Chukua kopo la chakula. Mfaransa Nicolas Appert, aliyekuwa mpishi na mtengenezaji wa peremende, alitia chakula kwenye chupa za kioo, akaziziba barabara kisha akazichemsha majini. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimpa faranga 12,000 naye akachapisha mbinu yake. Mwaka huohuo Peter Durand alipata hataza mjini London iliyotaja pia vyombo vya bati. Chakula kilikaa bila kuoza, lakini kopo halikuwa na mlango. Watu walilipasua kwa patasi na nyundo. Vifungulio vya kopo vilianza kupata hataza miaka ya 1850, zaidi ya miaka 40 baadaye.

Bati hilohilo ndilo lililotupa debe. Lilifika kwetu na mafuta ya taa, galoni 4, kama lita 18 hivi. Mafuta yakiisha, debe likawa la kutekea maji na la kupimia mahindi. Lililotoboka lilikunjuliwa likaezekwa au likapigwa ukutani, na vipande vyake vikawa koroboi. Nadhani hakuna kifungashio cha kigeni kilichopokelewa vizuri na Waswahili kama debe, kwa sababu kazi ya tano tuliimaliza wenyewe.

Kuhusu kipimo, hatuna haja ya kufundishwa na mtu. Zaka ya fitri tunaitoa kwa pishi, na katika Qur'ani mna sura inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Pakiti iliyovimba hewa kuliko vitu vilivyomo ni mbinu mpya ya dhambi ya zamani.

Mtungi, pembetatu na chupa

Mtungi wa njano wa lita 20, ule ambao wauza maji wa Mombasa huusukuma kwa mikokoteni, una nasaba ya kijeshi. Wajerumani waliubuni miaka ya 1930 kwa kubebea mafuta ya magari ya vita, wakati huo ukiwa wa chuma. Ulikuwa na mishikio mitatu kwa juu, ili mtu mmoja aweze kubeba mitupu miwili kwa mkono mmoja, au watu wawili washirikiane kuubeba uliojaa. Ubavuni ulibonyezwa alama ya msalaba iliyoupa nguvu na kuruhusu mafuta yaliyomo kutanuka kwa joto. Waingereza, ambao makopo yao yalikuwa yakivuja, waliuiga. Wa plastiki tulionao leo huja na mafuta ya kupikia, kisha hubeba maji kwa miaka. Ukipasuka, hukatwa ukawa karai au chombo cha kupandia mchicha.

Tuliosoma shule za msingi miaka ya 1980 tunaikumbuka pakiti ya pembetatu ya maziwa ya Nyayo. Umbo lile halikuwa mapambo. Kampuni ya Tetra Pak ya Lund, Uswidi, iliyoanzishwa na Ruben Rausing mwaka 1951, iligundua kwamba karatasi ikikunjwa iwe bomba, ikajazwa maziwa, ikabanwa mara kwa upana huu na mara kwa upana ule, hupatikana pakiti isiyo na hewa ndani na isiyopoteza karatasi. Ubaya wake ni kwamba pembetatu hazipangiki vizuri kwenye sanduku la kawaida, ndipo mwaka 1963 ikaja pakiti ya umbo la tofali. Pakiti za maziwa yanayokaa muda mrefu zina karatasi, plastiki na alumini zilizogandamana, na kuzitenganisha ili zitumike upya ni kazi ngumu.

Chupa ya soda ya kioo nayo ilikuwa na jibu lake. Kizibo chake cha meno kilipewa hataza na William Painter wa Marekani mwaka 1892. Lakini kilichoifanya irudi kiwandani ni swali la mwenye duka: "Una chupa?" Kama huna, uliacha pesa ya chupa, na mtoto aliyeokota chupa barabarani alijua ameokota shilingi. Mwaka 1973 Nathaniel Wyeth wa kampuni ya DuPont alipata hataza ya chupa ya plastiki inayostahimili gesi ya soda. Ilikuwa nyepesi, haivunjiki, na gharama ya kuisafirisha ikapungua. Swali la duka likafa, na gharama ya kuiondoa chupa tupu ikahama kutoka kiwandani kuja ufuoni kwetu.

Mfuko uliokosewa matumizi

Mfuko wa plastiki wenye mikono miwili ulibuniwa na Msweden Sten Gustaf Thulin, na kampuni ya Celloplast ikapata hataza yake Marekani mwaka 1965. Mwanawe amesimulia kwamba babake alikusudia mfuko utumike mara nyingi, na kwamba yeye mwenyewe alizoea kutembea na mmoja ameukunja mfukoni. Dunia ikaamua kuutumia dakika kumi na kuutupa.

Hapo ndipo ninapopata kanuni yangu: umri wa chombo ulingane na umri wa kazi yake. Mtungi hukaa miaka na hutumika miaka. Kanda hutumika msimu au miwili kisha huoza. Mfuko mwepesi hutumika toka sokoni hadi jikoni, lakini hukaa ardhini au baharini muda mrefu kuliko umri wa aliyeununua. Plastiki yenyewe haina kosa. Kosa ni kuipa kazi fupi mno.

Sheria na mama mabuyu

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu ya faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zikakatazwa kwenye hifadhi na fuo zilizolindwa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 nayo ikasema mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kutumika.

Hayo ni mema. Lakini marufuku ya 2017 yaliviacha nje, kwa masharti, vifungashio vya kiwandani vinavyogusana moja kwa moja na bidhaa. Kiwanda cha biskuti kikaendelea na plastiki yake kihalali. Mama anayepika mabuyu nyumbani kwake Kisauni, na kununua vijifuko vitupu kwa siri, ndiye anayekimbizwa. Akihamia karatasi ya kaki, unyevu wa Pwani huingia, sukari hulainika, mabuyu hugandana na karatasi. Achari haiingii kwenye karatasi kabisa. Kwake hili ni suala la riziki.

Tukitumia ile kanuni ya umri, njia zipo. Mabuyu ya shilingi kumi anayonunua mtoto huliwa papo hapo. Yakae dukani kwenye chupa kubwa yenye mfuniko, yapimwe kwa kijiko, yatiwe kwenye koni ya karatasi safi. Karatasi itastahimili hizo dakika chache. Lakini isiwe gazeti, kwa sababu wino si chakula, na hili liwahusu pia wauza bajia na viazi karai.

Achari na mabuyu ya kupeleka nyumbani yanahitaji kopo gumu la kurudishwa. Tuseme kopo linanunuliwa shilingi 30. Likienda na kurudi mara kumi, kila safari imegharimu shilingi 3, ukiongeza sabuni na maji. Mteja aache pesa ya kopo na arudishiwe akilileta, kama tulivyofanya na chupa za soda. Kachiri kavu za jumla zinaweza kukaa kwenye ndoo yenye mfuniko, na mteja aje na chombo chake, kama anavyofanya kwenye mashine za kuuzia maziwa.

Kwa vitu vikavu visivyoogopa hewa, kama viungo vizima, vitunguu na matunda, kikapu cha miyaa bado hakijapata mpinzani. Wasusi wa ukili wapo Lamu, Kilifi na Kwale. Wanachokosa ni mnunuzi wa kila wiki, si mtalii wa mara moja.

Na anayelazimika kutumia plastiki achague ya aina moja, isiyo na rangi, isiyogandishwa na alumini. Hiyo ndiyo rahisi kutumika upya. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa tani kadhaa za plastiki iliyookotwa na kuzinduliwa 2018, lilitufunza kwamba taka yaweza kuwa mali. Lilitufunza pia jasho linalohitajika kuiokota na kuichambua.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na dini yetu inahesabu kuondoa kinachoudhi njiani kuwa sehemu ya imani. Basi ukisimama dukani, kabla ya kusoma bei, kiangalie chombo na ujiulize: kesho kikiwa kitupu, kitakwenda wapi? Muulize na muuzaji. Tukiuliza wengi, atamuuliza aliyemletea.