Kabla Ununue Injini, Soma Plagi

Wasee, leo siongei siasa wala mpira. Leo ni plagi. Ndiyo, kile kidude cheupe chenye kichwa cha chuma ambacho fundi anakitoa, anakipuliza, anakirudisha, halafu anakuitisha doo.

Hii stori iliniingia mwaka jana kwa sababu ya anko wangu. Gari lake lilianza kutoa moshi wa bluu. Fundi wa kwanza alifungua boneti, akaskiza dakika mbili hivi, akatoa hukumu: "Mzee, hii injini imeisha. Tafuta ingine." Pesa ilikuwepo, ila ilikuwa karo ya binti yake aliyekuwa anaingia chuo. Nilimkuta anko ameketi kwa stuli nje ya nyumba, anapiga hesabu ile ile mara ya tatu kama vile jibu litabadilika.

Iliishaje? Nitawaambia. Lakini kwanza turudi nyuma, kwa sababu bila historia hamtaelewa huo moshi ulitoka wapi.

Mwaka wa 1860, jijini Paris, Étienne Lenoir alitengeneza injini ya gesi iliyowashwa kwa cheche ya umeme. Wazo lilikuwa zuri, lakini kupata cheche ya kutegemewa ndani ya silinda yenye moto na msukumo mkali kuliwasumbua watu kwa miaka mingi. Mwaka wa 1902, Gottlob Honold, mhandisi katika karakana ya Robert Bosch kule Stuttgart, Ujerumani, alikamilisha magneto ya umeme wa nguvu pamoja na plagi ya kuendana nayo. Hapo ndipo magari yakapata cheche ya kuaminika.

Lakini kulikuwa na faida ambayo hata wao hawakuitafuta. Plagi hukaa na ncha yake ndani kabisa ya silinda, pale petroli inapolipuka. Na unaweza kuifungua kwa dakika chache bila kuvunja kitu. Kwa hivyo ni kama daktari amepata dirisha dogo tumboni mwa mgonjwa. Madereva wa mashindano walilijua hilo mapema: wanakimbiza gari kwa nguvu zote, wanazima injini ghafla, wanatoa plagi na kuzitazama. Ukiiacha injini ingurume polepole kwanza, rangi inabadilika na ushahidi unapotea.

Rangi zenyewe si ngumu. Kahawia hafifu kama chai ya maziwa, au kijivu, ni afya. Nyeusi kavu, masizi kama ya sufuria ya kuni, maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa. Anza kwa kukagua kichujio cha hewa. Nyeupe kama chaki, yenye malengelenge, ni joto kupita kiasi: labda hewa imezidi petroli, labda cheche inawaka mapema mno, au hiyo plagi si ya injini yako. Na ikiwa nyeusi, imelowa na inang'aa, hiyo ni oili. Kuna mahali inapenya.

Sasa, kuna rangi moja ambayo wengi wetu hatutaiona. Mwaka wa 1921, Thomas Midgley, aliyekuwa akifanya kazi General Motors kule Marekani, aligundua kwamba ukitia kemikali yenye madini ya risasi kwenye petroli, injini inaacha kugonga. Ilianza kuuzwa mwaka wa 1923. Shida ni kwamba risasi iliganda kwenye valvu na plagi. Suluhisho? Waliongeza kemikali nyingine ya kuibeba risasi itoke na moshi. Soma hiyo tena polepole. Injini ilisafishwa, na uchafu ukatumwa kwenye hewa tunayovuta. Mwaka wa 1924 wafanyakazi waliotengeneza hiyo kemikali New Jersey walikufa kwa sumu yake, na bado biashara iliendelea. Baadaye ikajulikana wazi kwamba risasi inaharibu ubongo wa watoto.

Kwetu Afrika, nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka wa 2001 kuachana na hiyo petroli, na kufikia mwanzo wa 2006 zikawa zimeacha, Kenya ikiwemo. Kama ulikulia Nairobi kabla ya hapo, umeivuta. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, Julai 2021, na tangazo lilitoka hapa hapa Gigiri, makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa.

Stori ya oili nayo ni kama hiyo, ila ilienda kinyume. Kila silinda ikilipua, gesi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka chini kwenye oili. Lazima itoke, la sivyo msukumo utafukuza oili kwenye sili. Zamani ilitokaje? Kwa bomba tu, linaloning'inia chini ya gari, likipumua barabarani. Yaani kila gari lilikuwa linatapika mvuke wa oili likitembea. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, vifaru vilivyovuka maji ya kina havingeweza kuacha bomba wazi, basi mfumo wa kufunga ukatengenezwa. Halafu Los Angeles ikaanza kuzama kwenye ukungu mchafu. Mwanasayansi Arie Haagen-Smit akaonyesha kwamba ukungu huo ulitokana na mvuke wa petroli na moshi wa magari ukichomwa na jua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, California ikalazimisha magari mapya yawe na valvu ya PCV: ile gesi chafu isimwagwe nje, irudishwe kwenye njia ya hewa, iingie kwenye injini na ichomwe.

Hapo ndipo oili ilipopata njia halali ya kufika kwenye bomba la hewa. Utando mwembamba mle ndani ni kawaida. Kidimbwi si kawaida.

Haya, turudi kwa anko. Jirani alitupeleka kwa fundi mwingine, mzee aliyejifunza kazi enzi za Peugeot 504. Hakuskiza injini. Alitandaza gazeti chini, akatoa plagi zote nne, akazipanga kwa mpangilio wa silinda. Akamwambia anko, "Angalia, ndugu yangu. Kama ni silinda moja imeharibika, moja ingelia peke yake. Hizi zote nne zimelowa sawasawa. Ugonjwa unatoka mahali pamoja."

Akafungua bomba la hewa. Oili ilikuwa imetuama mle. Akachomoa valvu ya PCV, akaitikisa karibu na sikio langu. "Unaskia nini?" Nikamwambia siskii kitu. "Ingekuwa nzima ungeskia ikicheza ndani." Ilikuwa imezibwa na tope la oili, hivyo gesi ilikuwa inarudi kwa njia ya nyuma na kubeba oili hadi kwenye hewa.

Hakuishia hapo, na hili ndilo lililonifanya nimheshimu. Alipima msukumo wa kila silinda, kisha akamimina kijiko cha oili kwenye kila moja na kupima tena. Kama msukumo ungepanda sana, ringi zingekuwa zimelika na yule fundi wa kwanza angekuwa sahihi. Ulipanda kidogo tu. Alibadilisha valvu, akasafisha mabomba, akamwaga oili kuukuu na kutia mpya.

Gari bado linakula oili kidogo, siwezi kuwadanganya. Anko huchomoa kile kijiti cha kupimia kila Jumamosi asubuhi. Lakini moshi umeisha, na binti yake yuko mwaka wa kwanza.

Maoni yangu ni haya. Uchafu wa injini haupotei. Kila kizazi kimeamua tu uende wapi: barabarani, kwenye mapafu ya watoto, au urudi ndani uchomwe. Plagi ndipo hesabu inapoandikwa. Fundi anayekwambia ununue injini kabla hajatoa hata plagi moja amekupa bei kabla ya kusoma kitabu. Mwambie kwa heshima, "Fundi, hebu zipange hapa kwanza tuzione." Kama oili iko kwenye nyuzi za juu tu na ncha ni kavu, huenda ni gasketi ya kifuniko. Kama plagi moja tu imelowa, shughulikia hiyo silinda. Kama ni zote, anza na valvu ndogo ya bei nafuu.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mtumie hii rafiki yako mwenye gari linalotoa moshi. Na sisemi treni.