Joto la Sauti na Pumzi ya Neno



Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili kunaswa sauti zao na kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ile iliyouza santuri zake kwa nembo ya His Master's Voice. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10, iliyozunguka takriban mara 78 kwa dakika, ulibeba dakika tatu hivi tu. Taarabu iliyozoea kukesha ikalazimika kujibana humo. Sahani zenyewe zilifinyangwa kwa laki, yaani utomvu wa wadudu, uliochanganywa na unga wa mawe. Ndiyo maana sindano ilipopita juu yake ilikwaruza. Wasikilizaji wa Unguja walinunua sauti pamoja na mkwaruzo wake, na sidhani kama kuna aliyelalamika.

Nimeanza na safari hiyo kwa sababu leo ule mkwaruzo umegeuka bidhaa. Katika studio za kompyuta zipo programu ambazo kazi yake ni kuirudishia sauti safi ya dijitali kile kinachoitwa "joto" la mitambo ya analojia. Hoja yangu ni kwamba joto hilo ni kosa la mashine tulilolizoea hata tukalipenda. Kulipenda si haramu. Tatizo huanza linapoingizwa katika hifadhi ya lugha.

Neno lenyewe kwanza. Waswahili tumeisifu sauti kwa kuiita nene, nyororo, nzito au tamu. Isiyopendeza tumeiita kavu au ya kukwaruza. "Joto la sauti" ni tafsiri ya maneno ya wageni, na limeingia kwa mlango uleule ulioingiza mitambo yao. Silikatai, nalitumia hapa kwa kuwa ndilo wanalolitumia mafundi.

Historia ya mitambo hiyo nitaipitia haraka. Kuanzia mwaka 1925 kampuni kubwa za santuri zilianza kunasa kwa maikrofoni na umeme, badala ya pembe iliyopokea sauti kwa nguvu ya hewa pekee. Mwaka 1935 kampuni ya AEG ilionyesha mjini Berlin mashine ya utepe wa sumaku, na mnamo 1940 wahandisi wa Kijerumani wakapata njia ya kuuchanganya mkondo wa masafa ya juu na ule wa sauti, jambo lililopunguza sana kelele. Baada ya vita Wamarekani waliichukua teknolojia hiyo, na utepe ukaenea katika redio za dunia. Diski za dijitali zilifika sokoni mwaka 1982, zikiipima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde.

Joto lilitoka wapi basi? Utepe umepakwa chembe za oksidi ya chuma. Sauti inapokuwa ndogo, usumaku wa chembe hizo huifuata kwa uaminifu. Inapokuwa kubwa, chembe hushiba. Haziwezi kupokea zaidi, na kilele cha wimbi huviringika polepole badala ya kukatwa ghafla. Kuviringika huko huzaa sauti za ziada, hasa yenye masafa mara tatu ya ile ya awali, nasi huzisikia kama unene. Valvu nazo, kutegemea jinsi zilivyounganishwa, mara nyingi huongeza ile ya mara mbili, yaani oktavo. Pamoja na hayo, masafa ya juu hufifia na mota haizunguki kwa mwendo ulio sawa kabisa, hivyo sauti huyumba kidogo kama chombo kilichotia nanga.

Programu huiga yote haya kwa hesabu. Kila kipimo cha sauti hupitishwa katika fomula ya mkunjo: vidogo huachwa karibu kama vilivyo, vikubwa hubanwa. Ugumu ni kwamba fomula hiyo huzaa masafa yanayozidi nusu ya kasi ya upimaji, nayo, yakikosa nafasi, hurudi chini kama sauti ngeni zisizopatana na wimbo. Ndiyo sababu programu nzuri hufanya hesabu kwa kasi iliyozidishwa mara kadhaa, kisha huchuja kabla ya kurejea kasi ya kawaida. Mwishoni huongezwa hata mchachato wa utepe. Tumenunua mashine safi, kisha tukanunua uchafu wa kuitia!

Kwa mwanamuziki yote haya ni sanaa. Kwa mwanaisimu mambo ni mengine, na hapa sina budi kusimulia yaliyonipata. Katika miaka ya 1980 niliwarekodi wazee wa Mombasa na Lamu kwa kaseti. Nilitafuta, pamoja na mengine, mpumuo wa vipasuo: katika Kimvita, *paa* la nyumba halina mpumuo, *paa* wa mwituni anao, *kaa* la moto halina, *kaa* wa pwani anao. Maandishi sanifu hayaonyeshi tofauti hiyo. Sikio ndilo ushahidi pekee.

Miaka mingi baadaye nilizikabidhi kanda 11 kwa studio moja ili zihamishiwe kwenye kompyuta. Kijana aliyeifanya kazi hiyo alikuwa mpole na mwenye bidii. Aliondoa mchachato, kisha akaona sauti zimekuwa baridi, akazipasha joto. Zilipendeza. Lakini mpumuo ni nini kama si mchachato mfupi wa pumzi, wa sehemu ndogo ya sekunde, baada ya midomo kuachana? Programu iliyofundishwa kuufuta mchachato wa utepe iliufuta na huo, na ule mkunjo ukaviringisha mpasuko uliobaki. Paa wa mwituni akawa paa la nyumba.

Kanda tisa zilirudi, na nilizihamisha upya. Hatukugusa chochote isipokuwa kukinyoosha kichwa cha kusomea hadi kilingane na mchirizi wa utepe, maana kikipinda kidogo tu masafa ya juu hupotea. Tulipima mara 96,000 kwa sekunde, kwa biti 24; mwongozo wa Jumuiya ya Kimataifa ya Hifadhi za Sauti na Picha (IASA) unataka angalau 48,000 kwa biti hizohizo, na unataka nakala ya hifadhi isiremboshwe. Atakaye joto na alitie katika nakala nyingine, aandike na jina la programu aliyoitumia.

Kanda mbili hazikuonekana tena. Zilikuwa na sauti ya bibi mmoja wa Lamu ambaye alikwisha kufariki, na nakala pekee iliyopo ni ile iliyopashwa joto. Hivi karibuni mwanafunzi wangu aliniuliza kama bibi yule alitamka *kaa* kwa mpumuo. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimekaa mbele yake mkekani, na nadhani nakumbuka. Katika unukuzi, mahali pale, nimeweka alama ya kuuliza.