Shamba la Anathothi na Mahema ya Geita

Majeshi ya Babeli yameuzingira Yerusalemu, nabii Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi, naye ananunua shamba lililoko Anathothi. Sura ya 32 ya kitabu chake inayaeleza mauziano hayo kwa umakini wa karani wa ardhi: binamu yake Hanameli anauza, shekeli 17 za fedha zinapimwa kwenye mizani, mashahidi wanatia sahihi, kisha hati mbili, moja yenye muhuri na nyingine iliyo wazi, zinahifadhiwa katika chombo cha udongo. Sura inayofuata ndiyo inayomtaja Chipukizi la haki wa ukoo wa Daudi.

Ujirani huo wa sura una maana. Kwa manabii, mfalme ajaye na ardhi itakayorudishwa ni ahadi moja. Isaya 45 inathubutu hata kumwita Koreshi wa Uajemi, mtu wa mataifa, masihi wa Bwana, kwa kuwa ndiye aliyewaruhusu Wayahudi waliohamishwa Babeli kurudi mwaka 538 K.K.

Katika ukanda wa dhahabu wa Tanzania, mahubiri mengi huuchukulia uhamisho huo kuwa madeni, maradhi au duara, yaani shimo la uchimbaji, lisilotoa mawe ya dhahabu. Kurudi ni kufunguliwa kwa mtu mmoja mmoja. Faraja hiyo si ya kubezwa. Ila hapa ni mahali ambapo watu wamehamishwa kwelikweli. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, Kahama, mkoani Shinyanga, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji. Mwaka 2007 ikawa zamu ya familia za Mtakuja, Geita, ambazo ziliishia kwenye mahema. Mwaka uliofuata Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC), Jumuiya ya Kikristo (CCT) na Baraza Kuu la Waislamu (BAKWATA) walitoa ripoti ya pamoja kuhusu namna Tanzania inavyokosa manufaa ya dhahabu yake. Viongozi wa dini waliingia kwenye hesabu za mrabaha na kodi; mimbari nyingi zilibaki kwenye baraka.

Ulinganisho huu una mipaka, na ni vema isifichwe. Wengi wa wachimbaji wa Bulyanhulu walikuwa wageni waliofuata dhahabu, si warithi wa mashamba ya mababu. Tena, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, jambo ambalo Hanameli asingelielewa. Biblia yenyewe haina kurudi kusiko na doa: Yeremia 39 inasema maskini walioachwa Yuda walipewa mizabibu na mashamba, na katika Ezra 4 waliorudi wanawakatalia wenyeji kujenga hekalu pamoja nao. Kurudi kwa mmoja kunaweza kumng'oa mwingine.

Kwa hiyo mhubiri wa Katoro au Kakola, kwenye ukanda huohuo, anayependa ahadi ya tumaini ya Yeremia 29:11 asiishie hapo. Asome mpaka sura ya 32, penye bei, mashahidi na hati, kisha awaulize waumini wake nani kati yao alilipwa fidia.